Mchoraji Aliyebeba Kwao Kichwani: Sam Ntiro na Mandhari Yetu

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya vijana, wazazi na walimu mjini Adungosi. Tumeyachapisha kwa ombi la baadhi ya waliohudhuria.

  

Wazee wetu, akina mama, walimu, na vijana wenzangu, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mimi nimezoea kusimama nyuma ya kamera, si mbele ya watu, kwa hiyo mkiniona nashikashika karatasi, nivumilieni.

Majuma machache yaliyopita nilifika hapa Adungosi kwa shughuli nyingine ya kikazi. Nilipokuwa nikisubiri matatu ya kurudi Busia, mama mmoja anayeuza mihogo alinishika mkono akanipeleka nyuma ya kibanda chake. Kwenye mabati ya ukuta mwanawe alikuwa amechora picha. Kulikuwa na barabara ya kwenda Malaba, matrela yamepanga foleni, shamba la wimbi kando ya barabara, na kwa mbali kabisa jiwe la Tororo limesimama peke yake kama mzee aliyekataa kuhama. Kijana alikuwa ametumia masalio ya rangi za milango.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesomea mambo ya magazeti. Huyu ana miaka kumi na sita. Nikimtuma maji, namkuta anachora. Nikimtuma posho mill, namkuta anachora. Hii ni kazi, ama ni ugonjwa?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini niliona kwamba swali lenyewe halikuwa la kuchekesha. Sikuwa na jibu siku ile. Nikamwambia nitarudi. Leo nimerudi, na jibu langu nitalitoa kwa kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyekuwa mtoto wa mkulima, akachora shamba la kwao, na picha ya shamba hilo ikavuka bahari. Jina lake ni Sam Joseph Ntiro.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Tanganyika kama ilivyoitwa wakati huo. Ni Mchagga. Waliofika kule wanajua namna watu wanavyoishi. Kila boma lina kihamba chake, yaani shamba la urithi lililoizunguka nyumba. Migomba iko juu, kahawa iko chini ya kivuli cha migomba, na mifereji iliyochimbwa na mababu inaleta maji kutoka mlimani. Ntiro alipokuwa mtoto wa miaka kumi, mwaka 1933, wakulima wa kahawa wa huko waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, ambacho kilipata sifa katika Afrika Mashariki yote. Kwa hiyo alikulia mahali ambapo kulima, kuchimba mfereji, kujenga nyumba na kupika pombe zilikuwa kazi za watu wengi pamoja. Nawaomba mkumbuke jambo hilo, kwa sababu tutalikuta tena ndani ya picha zake.

Miaka ya 1940 akapata nafasi ya kusoma Makerere, Kampala. Kwa sisi wa mpakani, Makerere si habari ya mbali. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 inapita hapo Malaba, na kwa miaka mingi wasomi wa Kenya na Tanganyika waliokuwa wakielekea Makerere walipitia kwetu. Julius Nyerere alisoma huko katika miaka hiyo hiyo. Na kulikuwako jirani yetu mmoja, Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, aliyekuwa mchongaji. Ukifika Kampala leo ukaiona sanamu kubwa ya Uhuru, ya mama aliyemwinua mtoto juu, ujue mikono iliyoiunda mwaka 1962 ilitoka magharibi ya Kenya, mwendo wa saa chache kutoka hapa tulipoketi.

Mwalimu wao wa sanaa alikuwa Mwingereza, Margaret Trowell. Alikuwa ameishi Ukambani, hapa Kenya, kabla ya kuhamia Uganda mwaka 1935 na mumewe aliyekuwa daktari. Alianza kwa kufundisha kwenye veranda ya nyumba yake, na kutokana na veranda hiyo kikazaliwa chuo cha sanaa cha Makerere. Mwaka 1939 alipeleka kazi za wanafunzi wake London zikaonyeshwa huko.

Nataka mjue namna Trowell alivyofundisha, maana hapo ndipo ulipo ufunguo wa mambo mengi. Hakuwawekea wanafunzi chungu mezani na kuwaambia wakiige. Aliwasimulia. Aliwaeleza tukio, kwa mfano watu wanarudi kutoka sokoni jioni, mvua inakaribia, ng'ombe wanaingizwa zizini. Wanafunzi walisikiliza mpaka kila mmoja akaona picha yake kichwani. Kisha wakachora ile waliyoiona ndani. Wanafunzi ishirini, picha ishirini, na hakuna iliyofanana na nyingine, kwa sababu kila mmoja alikuwa na soko lake na mvua ya kwao.

Ntiro alishika njia hiyo asiiache. Alipomaliza alibaki Makerere kama mwalimu. Mwaka 1952 akaenda London kusoma katika chuo cha Slade, mojawapo ya vyuo vikubwa vya sanaa Uingereza, chuo kilichoanzishwa mwaka 1871. Slade ilisifika kwa kuchora mwili wa binadamu kutoka kwa mtu halisi aliyekaa mbele yako, kila msuli na kila kivuli mahali pake. Alikaa huko mpaka mwaka 1955, kisha akarudi Makerere kufundisha.

Sasa, wengi walitarajia kwamba atarudi anachora kama Waingereza. Hakurudi hivyo. Alirudi anachora Machame, kwa namna yake ile ile. Kuna wahakiki waliosema kwamba picha zake ni kama za mtoto, eti mtu aliyesoma Slade anawezaje kuchora watu wadogo wasio na kivuli? Mimi nauliza swali kinyume chake. Mtu aliyefundishwa kila mbinu ya kivuli, kisha akachagua kutoitumia, huyo hajui au ameamua?

Nitawaeleza picha zake kwa mambo matatu, ili hata asiyewahi kuziona apate kuziona.

Jambo la kwanza ni ardhi. Katika picha ya Ntiro, ardhi si pazia la nyuma ya watu. Ardhi ndiyo inayojaa. Miti imepangwa safu kwa safu, vilima vimepandana, njia inapinda kati ya mashamba. Kijani kiko cha aina nyingi. Anakuonyesha kama vile umepanda juu ya mti au kwenye mwamba, unatazama chini, unaona kijiji chote mara moja. Kilicho mbali hakifichwi na ukungu. Kiko wazi, kwa sababu kwa mtu wa kijiji hicho, shamba la ng'ambo lina mwenyewe na anajulikana.

Jambo la pili ni watu. Watu wake ni wadogo, na hawana nyuso za kutambulika. Hakuna aliyesimama mbele akitabasamu. Hakuna mkubwa aliyechorwa mkubwa na mdogo akachorwa mdogo. Wote wana kimo karibu sawa, na wote wana jambo wanalolifanya. Wanakata miti, wanalima, wanavuna, wanabeba. Ukitaka kumjua mtu katika picha ya Ntiro, hutamjua kwa uso, utamjua kwa kazi yake na kwa namna alivyoinama.

Jambo la tatu ni rangi zenyewe. Anazitandaza wazi, rangi karibu na rangi, bila kuzifichaficha katika vivuli. Umbo la mgomba unalijua kwa ukingo wake. Hii inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Ukichora bila kivuli, huna mahali pa kuficha kosa. Kila umbo lazima likae mahali pake, la sivyo picha yote inayumba.

Picha yake inayojulikana zaidi ni ya mwaka 1956, ya rangi za mafuta kwenye kanvasi. Si kubwa, mtu mmoja anaweza kuibeba kwapani. Jina lake kwa Kiswahili tungesema "Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku". Leo iko New York, Marekani, katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, mojawapo ya majumba makubwa ya sanaa duniani, ambalo liliinunua mwaka 1960.

Hebu tulifikirie jina hilo kidogo. Wanaume, pombe ya ndizi, bibi harusi, usiku. Jambo hilo si geni kwetu. Nani kati ya wazee walioketi hapa hajawahi kuona chungu cha ajon kikipelekwa kwa wakwe? Nani hajui mirija ile mirefu, na wazee wameketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake? Kama kijana wa Adungosi angemletea mwalimu mchoro wa jambo hilo, wangapi kati yetu wangemwambia atafute jambo la maana la kuchora? Ntiro alilichora jambo hilo la kawaida kabisa, na watu wa upande wa pili wa dunia wakalitundika ukutani.

Na hakuwa peke yake. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, pia kwenye Kilimanjaro, naye akasomea Makerere. Mwaka 1959 alichora picha kubwa tano ndani ya kanisa la kumbukumbu la Waanglikana huko Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati huo. Alisimulia maisha ya Yesu kuanzia kuzaliwa mpaka msalabani, lakini vilima, miti na watu ni wa Murang'a. Ndugu zangu, kama hori la Bethlehemu limekaa vizuri katika vilima vya Murang'a, basi mawe ya Amukura hayana upungufu wowote.

Hapa naomba niungame jambo moja, kwa kuwa tuko kama nyumbani.

Kazi yangu ni kupiga picha na kuandika habari. Nilipokuwa nayatayarisha mazungumzo haya, nilifungua picha nilizozipiga katika miaka yangu ya kazi. Nilizitazama moja baada ya nyingine. Mkubwa anakata utepe. Mkubwa anapanda mti. Mkubwa anakabidhi hundi. Nyuma yake, kwenye ukingo wa picha, utaona nusu ya mama aliyebeba ndoo, mkono wa fundi, jembe lisilo na mtu. Niliwakata mimi mwenyewe. Hakuna aliyeniagiza. Nilidhani kwamba habari ni uso wa mbele.

Nilipozitazama picha za Ntiro baada ya hapo, nilinyamaza kwa muda. Yeye mwenyewe alikuwa mkubwa. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, ndiye aliyetumwa London kuwa Balozi wa kwanza wa nchi hiyo huko, akashika kazi hiyo mpaka mwaka 1964. Alipeana mikono na watawala. Baadaye akawa kamishna wa utamaduni nchini Tanzania. Lakini ukizitafuta suti na mikutano katika kazi zake zinazojulikana, hukutani nazo. Unakutana na watu wa Machame wakifanya kazi. Tangu hapo nimejifunza kusogea hatua tatu nyuma kabla ya kubonyeza kamera.

Sasa tuje kwenye namna ya kufanya kazi, maana najua vijana ndicho mlichokijia.

La kwanza ni kumbukumbu. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja, John Goffe Rand, alisajili uvumbuzi wa bomba dogo la bati la kuhifadhia rangi. Kabla ya hapo, rangi ya mafuta ilikuwa ikitayarishwa karakana na kuwekwa katika vibofu vya nguruwe. Baada ya hapo, wachoraji wa Ulaya waliweza kubeba rangi zao mfukoni, wakakaa shambani na kuchora mandhari wakiitazama. Hiyo ni njia nzuri. Ntiro alikuwa na njia nyingine. Alichora Machame akiwa Kampala, akachora Machame akiwa London. Alibeba kwao kichwani.

Msidhani kwamba hiyo ni njia ya uvivu. Ili ukumbuke kitu, lazima kwanza umekitazama. Funga macho sasa hivi. Mwamba ulio karibu na kwenu una nyufa ngapi? Mti wa mbele ya nyumba unaanza kutoa matawi upande gani? Mama anapoanika mihogo, anaanzia upande wa jua au wa kivuli? Ukishindwa kujibu, bado hujatazama, umepita tu. Mazoezi ya mchoraji wa namna ya Ntiro huanzia njiani, ukienda kuteka maji, kabla hujashika brashi.

La pili ni rangi yenyewe. Tukisema rangi ya mafuta ya msanii, hatusemi ile ya kupaka milango. Ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta, mara nyingi mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kama maji yanavyokauka. Hayapotei hewani. Yanashikana na hewa na kuwa magumu polepole. Ndiyo maana picha inaweza kuchukua siku kadhaa hata majuma mawili kabla ya kuguswa bila kuchafua kidole, na miezi mingi kabla ya kukauka mpaka ndani. Faida yake ni kwamba unaweza kurudi kesho, rangi bado laini, ukaisogeza. Hasara yake ni kwamba asiye na subira itamshinda.

Kutokana na hilo kuna kanuni ambayo wachoraji wote wa rangi za mafuta huifuata. Tabaka la chini liwe jembamba, lenye mafuta machache, lililolainishwa kwa tapentaini. Matabaka ya juu yawe na mafuta zaidi. Ukigeuza, tabaka la juu litakauka kabla ya la chini, na picha itapasuka kama matope ya mtoni wakati wa kiangazi.

Kitu cha kuchorea nacho kina taratibu zake. Usipake rangi ya mafuta moja kwa moja kwenye kitambaa kitupu. Mafuta huoza kitambaa. Lazima kwanza kipakwe tabaka la kukikinga, kikauke, ndipo uanze. Asiye na fedha za kanvasi anaweza kuanza na kipande cha hadibodi. Kisugue kwa msasa, kipake praima mara mbili, kiache kikauke vizuri. Brashi tatu zinatosha, pana, ya wastani na nyembamba. Rangi tano au sita zinatosha pia: nyeupe, njano, nyekundu, buluu, na za udongo mbili. Kijani jichanganyie mwenyewe. Mtu wa huku anayenunua kijani kimoja cha bomba na kupaka migomba, mahindi, mtama na nyasi kwa kijani hicho hicho, huyo hajatembea mashambani.

Na hili lisikilizeni vizuri, wazazi pia. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, ukivikunja na kuvirundika, vinaweza kupata joto vyenyewe mpaka vikawaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke, au vitie katika mkebe wa chuma wenye maji na kifuniko. Tapentaini usiivute ndani ya chumba kilichofungwa, na usiimwage karibu na kisima. Rangi nyingine zina sumu, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula. Usichezee brashi mdomoni.

La tatu, msidhani kwamba kazi hii ililetwa kwetu na meli. Hapa hapa katika kaunti yetu, Teso Kaskazini, kwenye vilima vya Chelelemuk, kuna mwamba wa Kakapel. Kuna michoro kwenye mwamba ule, mingine ya duara na mistari, mingine ya ng'ombe, ya rangi nyekundu na nyeupe. Serikali iliutangaza kuwa turathi ya taifa mwaka 2004. Watafiti waliochimba chini ya mwamba huo walipata mabaki ya mimea iliyolimwa na watu wa kale, na mwaka 2024 wakachapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kunde iliyopatikana hapo ina umri wa takriban miaka 2,300. Kwa hiyo chini ya mwamba mmoja kulikaa watu waliokula kunde kama sisi, na juu yake kuna watu walioacha picha za mifugo.

Wekundu wa michoro ya namna hiyo hutokana na udongo wenye kutu ya chuma. Ukinunua leo bomba la rangi nyekundu ya udongo katika duka la wasanii, ndani yake mna kutu ya chuma ile ile, imesagwa katika mafuta. Udongo mwekundu unaochafua viatu vyenu kila mvua inaponyesha, ukiuchekecha mpaka ukawa unga laini na kuusaga na mafuta ya kitani, utapata rangi. Jaribuni. Ila nawasihi jambo moja. Mkienda Kakapel, msiguse michoro, msiimwagie maji ili ionekane vizuri, msiandike majina yenu pembeni. Aliyechora hakuandika jina lake, na bado tunamkumbuka.

Sasa nirudi kwa mama yangu wa mihogo. Namwona pale nyuma, ameketi. Mama, uliniuliza kama hii ni kazi ama ugonjwa.

Sitakudanganya. Sitakwambia kwamba mwanao akichora utajenga nyumba ya ghorofa mwakani. Ntiro mwenyewe hakuishi kwa picha peke yake. Alikuwa mwalimu Makerere, akawa balozi, akawa mtumishi wa serikali, akafundisha tena katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alionyesha picha zake London na New York, lakini chaki hakuiacha. Alifariki mwaka 1993. Maloba naye alikuwa mwalimu. Wote waliingia sanaa kupitia darasani, na wengi waliishi kwa kuifundisha.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, usimnyang'anye brashi. La pili, usimwache aache shule kwa ajili ya brashi. Katika mtaala wetu wa umilisi, mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu anachagua mkondo, na mmoja kati ya mikondo mitatu ni wa sanaa na michezo. Si mkondo wa walioshindwa. Walimu mlioko hapa mnalijua hilo, lakini naomba mlisema kwa sauti mbele ya wazazi, maana kijana akiambiwa kwa kunong'onezwa kwamba sanaa ni ya wasioweza hesabu, ataamini. Kuna mabango ya kuandikwa, vitabu vya shule vya kuchorwa, vitambaa vya kusanifiwa, na madarasa yanayohitaji walimu. Maji aende kuteka pia. Ntiro asingeweza kuchora watu waliobeba vitu kama yeye mwenyewe hajawahi kubeba.

Na wewe kijana, nimeiona picha yako kwenye mabati. Matrela umeyachora vizuri. Shamba la wimbi umeliweka mahali pake. Lakini shambani hamna mtu, na wimbi halijipalilii. Nenda ukatazame nani anapalilia, ameinama vipi, mtoto yuko mgongoni au kivulini, kisha rudi umchore bila kumtazama. Mchore mdogo ukipenda. Asiwe na uso ukipenda. Lakini awepo.

Nyinyi wengine nawapa kazi moja ya kwenda nayo nyumbani, na haihitaji senti. Kesho asubuhi kaeni mahali pamoja kwa muda wa kuchemsha chai. Tazameni bila simu. Jioni, chukueni kalamu na nyuma ya karatasi yoyote mchore mlichokumbuka. Mkifanya hivyo kwa mwezi mmoja, mtakuwa na kurasa thelathini za Adungosi ambazo hazipo katika kitabu chochote. Vilima hivi vinapasuliwa mawe kila siku, miti inakatwa, barabara inapanuka. Wajukuu wenu watauliza palikuwaje hapa. Picha nilizopiga mimi zitawaonyesha nani alikata utepe. Nyinyi mtawaonyesha palikuwaje.

Nimemaliza. Mama, nimejibu kadiri nilivyoweza. Ile picha ya kwenye mabati, naomba kabla mvua haijaiharibu uniruhusu niipige, na safari hii nitasogea nyuma hatua tatu ili nawe uonekane, na mihogo yako.